Jiwe limejulikana limetoka mlima gani. Hilo linatosha kudai lirudishwe nchi yenye mlima huo?

Wakuu, tujadili hili. Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa sayansi siku hizi inajua obsidiani (kioo cha volkano) ya Wamaya wa kale, watu wa Mexico na Amerika ya Kati, ilichimbwa wapi, makumbusho ya Ulaya na Marekani hayana kisingizio: pima, jua nchi, rudisha. Mimi siafiki, na wala siwatetei walioiba.

Kipimo chenyewe sina ugomvi nacho. Kila chanzo cha obsidiani kina uwiano wake wa elementi kama rubidi, stronti na zirkoni. Mashine ya eksirei ya kushika mkononi inausoma bila kukwaruza jiwe, ingawa vipande vyembamba sana huisumbua. Guatemala ina vyanzo vikubwa vitatu: El Chayal, Ixtepeque na San Martín Jilotepeque. Obsidiani ya Pachuca, Mexico ya kati, mara nyingi hata jicho linaitambua: inyanyue kwenye mwanga, ni kijani kama chupa.

Sasa shida. Obsidiani ya El Chayal ilitumika sana Tikal, mji wa kale wa Wamaya huko huko Guatemala, na ilifika hadi Belize. Ya Ixtepeque ilijaa Copán, mji mwingine wa Wamaya, ambako leo ni Honduras. Wembe wa obsidiani ya Ixtepeque ukiibukia mnadani bila karatasi, unampa Guatemala kwa kuwa mlima ni wake, au Honduras ambako pengine kaburi lilifukuliwa? Mashine inakutajia mlima. Shimo la mwizi hailijui.

Mchangiaji wa 2: Mkuu, hapo unawapa wauzaji mwanya. Mmaya wa Copán hakujua mpaka wa Honduras. Nchi husika zidai kwa pamoja, na mwenye kitu ndiye athibitishe alikipataje. Halafu mbona Wamaya wenyewe hamwataji? Wapo mamilioni hadi leo.

Mleta mada: Kuhusu Wamaya umenishika, wanastahili kiti mezani. Ila kudai kwa pamoja kunagonga ukuta: Mkataba wa UNESCO wa 1970, unaozuia biashara haramu ya mali za utamaduni, haurudi nyuma, na vitu vingi viliondoka kabla yake.

Mchangiaji wa 3: Nyote mmeng'ang'ania obsidiani kwa sababu ni rahisi. Shoka za gumegume za Colha, mji wa kale wa Wamaya huko Belize, je? Gumegume hubadilika kemikali hata ndani ya mwamba mmoja, kwa hiyo wataalamu hutazama pia rangi na namna lilivyochongwa. Mwanasheria wa mnada atakubali ushahidi wa "linafanana na ya Colha"?