Korndogi za kifungua kinywa: rojo linabanduka na soseji inabaki mbichi ndani

Asubuhi_Mapema

Ndugu wapishi, salaam.

Kwa Jumamosi tatu mfululizo nimejaribu kuwatengenezea watu wa nyumbani korndogi za kifungua kinywa, yaani zile soseji zinazochomekwa kijiti, zikavikwa rojo la unga wa mahindi na kukaangwa katika mafuta mengi, na mara zote tatu nimeziharibu. Ninatumia kikombe kimoja cha unga wa mahindi, kikombe kimoja cha unga wa ngano, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha chai cha beking poda, chumvi kidogo, yai moja na vikombe viwili vya maziwa. Soseji ninazitoa kwenye jokofu, ninaziosha, ninazichomeka vijiti na kuzichovya papo hapo.

Zinapoingia katika mafuta, nusu ya rojo huachana na soseji na kwenda kuelea peke yake, na lile linalobaki hugeuka kahawia iliyokolea hata kabla ya dakika mbili kwisha. Jumamosi iliyopita niliacha soseji za hotidogi nikatumia zile fupi mbichi za nyama ya ng'ombe ambazo watu hula asubuhi. Mwanangu aliuma mara moja, akanirudishia sahani bila kusema neno, na nilipoikata soseji hiyo nikakuta nyama ya katikati ingali nyekundu na baridi.

Naomba kuelezwa sababu ya rojo kubanduka, na kama soseji mbichi zinafaa kabisa kwa kazi hii. Zaidi ya hayo, asubuhi nina nusu saa tu kabla watu hawajaanza kuulizia chakula, kwa hiyo ningependa kujua ni sehemu gani ya kazi inayoweza kufanywa usiku.

Mkono_wa_Unga

Ndugu Asubuhi_Mapema, pole kwa Jumamosi hizo tatu. Ukiyasoma maelezo yako mwenyewe taratibu, utaona makosa mawili yanayosaidiana: soseji ina maji kwa nje, na rojo lina maji kupita kiasi.

Tuanze na soseji. Ngozi yake ni nyororo na ina mafuta, kwa hiyo hata ikiwa kavu rojo halina pa kushika vizuri. Ikiwa na maji, maji hayo hugeuka mvuke mara tu soseji inapozama katika mafuta ya moto, na mvuke huo, ukitafuta njia ya kutokea, hulisukuma rojo mbali na ngozi kabla halijapata nafasi ya kuganda. Kwa hiyo usizioshe. Zipanguse kwa karatasi ya jikoni au kitambaa safi, kila moja pande zote, zikiwemo zile ncha mbili ambazo wengi huzisahau, na uzipanguse muda mfupi kabla ya kuzichovya, kwa sababu soseji iliyotoka kwenye jokofu huendelea kutoa jasho ikiwa mezani. Kisha zigaragaze katika unga wa ngano au wanga wa mahindi na uzikung'ute mpaka ubaki utando mwembamba tu. Unga huo hunywa unyevu uliosalia na kuifanya ngozi iwe na mkwaruzo. Ukiuacha uwe mnene, utakuwa umejenga tabaka jingine la kubanduka, na hapo utanilaumu mimi bure.

Sasa rojo. Vikombe viwili vya maziwa kwa vikombe viwili vya unga ni uji, si rojo. Anza na robo tatu ya kikombe cha maziwa, au mtindi ukipenda ladha ya uchachu, uongeze kidogo kidogo ukielekea kikombe kimoja. Changanya unga wote mkavu kwanza, kisha tia yai na maziwa, ukoroge mpaka unga mkavu usionekane tena, halafu uache. Vidonge vidogo vidogo havina madhara, ila ukikoroga sana ngano itajivuta na rojo litakuwa gumu kama mpira baada ya kukaangwa. Liache litulie kwa dakika 10. Punje za mahindi hunywa maji polepole, na rojo lililoonekana jepesi mwanzoni huwa zito lenyewe, kwa hiyo uzito wake upimwe baada ya kutulia na si kabla. Ukiinua kijiko, linatakiwa kuanguka kwa uvivu na kubaki likionekana juu ya lenzake kwa muda kabla ya kuzama. Ikiwa unga wako wa mahindi ni wa chenga kubwa, uloweke katika maziwa ya moto na uyaache yapoe kabla ya kuongeza yai, la sivyo utatafuna mchanga.

Usishawishike kupunguza ngano ili ladha ya mahindi izidi. Protini ya ngano ndiyo inayofanya wavu unaolishikilia rojo; mahindi hayana wavu wa namna hiyo, na rojo lenye mahindi mengi hupasuka na kumeguka. Nusu kwa nusu inatosha. Beking poda nayo iongeze mpaka kijiko kimoja cha chakula, kwani kijiko cha chai ni kidogo mno kwa unga wote huo na ganda litakuwa zito.

Namna ya kuchovya ina umuhimu wake pia. Mimina rojo katika glasi ndefu, zamisha soseji yote wima mpaka rojo lifike kwenye kijiti na kuziba mahali kilipoingilia, kisha uitoe huku ukiizungusha. Unapoiingiza katika mafuta, shika kijiti na uizungushe taratibu kwa sekunde tano hivi, ganda la nje lianze kukaza, ndipo uiachie. Ukiitupa moja kwa moja itakaa chini ya sufuria na rojo litagandia hapo.

Jiko_na_Kipimo

Nakubaliana na mwenzangu katika yote, ila napenda kuongeza habari ya moto, kwa sababu rojo kukolea kahawia ndani ya dakika mbili haliwezi kuwa kosa la maji. Wengine wangekuambia upunguze sukari. Ni kweli kwamba sukari huharakisha rangi, lakini vijiko vinne si vingi kwa kiasi hicho cha unga. Mafuta yako ndiyo yana moto kupita kiasi. Yanatakiwa kuwa kati ya nyuzijoto 175 na 180 za Selsiasi, na korndogi ya kawaida hukaa humo kwa dakika tatu mpaka nne. Kama huna kipimajoto, chovya ncha ya kijiti kikavu cha mbao: vipovu vidogo vikitoka kwa utulivu kukizunguka, mafuta yako tayari, vikitoka kwa fujo, punguza moto usubiri. Kaanga mbili au tatu kwa wakati mmoja, maana kila unayoongeza huyapoza mafuta, na mafuta yaliyopoa hunywewa na rojo. Ninakuomba pia usiijaze sufuria kupita nusu, na mfuniko wake uwe karibu. Mafuta yakishika moto hufunikwa na jiko huzimwa, wala hayamwagiwi maji kamwe.

Kuhusu soseji mbichi, jibu langu ni kwamba zinafaa, lakini si zikiwa mbichi. Ganda la rojo ni blanketi. Huchelewesha joto kuifikia nyama, kwa hiyo nje itakuwa imeshaiva, na hata kuungua, wakati katikati bado ni baridi kama ulivyokuta. Nyama ya kusaga ya ng'ombe au ya nguruwe inatakiwa kufikia nyuzijoto 71 katikati, na ya kuku 74. Zikaange soseji zako peke yake kwa moto wa wastani mpaka zifike hapo, zipoze, zipanguse mafuta yaliyotoka, ndipo uzivike rojo. Baada ya hapo kazi ya mafuta ni kuivisha rojo na kuipasha nyama tu. Soseji nyingi za hotidogi huuzwa zikiwa zimekwisha kuiva, na ndiyo sababu Jumamosi zako mbili za kwanza zilikuponya.

Kuna jambo moja la zamani linalonifurahisha kuhusu hili. Mwaka 1927 mtu mmoja wa Buffalo, New York, aitwaye Stanley Jenkins, aliomba hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya chombo cha kuchovya na kukaanga vyakula vilivyochomekwa vijiti, akaipata mwaka 1929. Katika maelezo yake anataja soseji, nyama ya paja la nguruwe iliyochemshwa, mayai yaliyochemshwa mpaka yakawa magumu, jibini, na vipande vya matunda kama pichi, nanasi na ndizi. Ukiitazama orodha hiyo utaona kuwa kila kitu ndani yake ama kimeshapikwa ama huliwa kibichi. Hakuna hata kimoja kinachongoja rojo likiivishe.

Shabiki_wa_Oveni

Mimi nauliza kwa nini mtu ajisumbue na sufuria ya mafuta asubuhi na mapema. Kata soseji zilizoiva vipande vifupi, mimina rojo hilo hilo katika trei ya keki ndogo iliyopakwa mafuta, simamisha kipande kimoja katikati ya kila shimo, uoke kwa nyuzijoto 200 kwa dakika 12 mpaka 15. Hakuna kinachobanduka, na hakuna anayesimama mbele ya mafuta ya moto huku macho yakiwa bado yamejaa usingizi. Kwa kuwa ni chakula cha asubuhi, mimi huongeza vanila kidogo na kuila na shira ya maple, ile inayotokana na utomvu wa mti.

Mkono_wa_Unga

Shira ya maple naiunga mkono kwa moyo wote, kwani chumvi ya soseji na utamu wake huenda pamoja vizuri kuliko haradali wakati wa asubuhi. Lakini kitu hicho unachokieleza, kitamu jinsi kilivyo, ni keki yenye soseji. Korndogi bila ganda la kukaanga imepoteza kile inachotafutiwa.

Mwandalizi_wa_Usiku

Swali la nusu saa bado halijajibiwa, nami ndilo nililoishi nalo kwa muda mrefu. Usiku unaweza kuchanganya unga wote mkavu katika bakuli na kulifunika, kupika soseji mbichi na kuzihifadhi kwenye jokofu zikiwa zimepanguswa, na kuandaa vijiti. Vijiti vyenye ncha kali vikate ncha kidogo ikiwa walaji ni watoto. Usichanganye maziwa na unga usiku huo. Beking poda huanza kutoa hewa mara inapokutana na maji, na ingawa aina nyingi hubakiza sehemu ya nguvu yake mpaka ipate joto, rojo lililolala hupoteza wepesi wake na pia huwa zito mno kuchovyeka. Yai na maziwa yakichanganywa pembeni na kuwekwa kwenye jokofu, asubuhi utahitaji dakika mbili tu za kukoroga, na dakika 10 za rojo kutulia ndizo hizo hizo za mafuta kupata moto.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoitumia siku za kazi, ni kuzikaanga zote mpaka ziive, kuziacha zipoe juu ya wavu wa chuma, kuzigandisha kwenye friza zikiwa zimetandazwa bila kugusana, kisha kuzifunga katika mfuko. Asubuhi zinaingia katika oveni ya nyuzijoto 190 zikiwa bado na barafu, na baada ya dakika 15 hadi 20, kwa kutegemea unene, zinakuwa tayari. Maikrowevu huzipasha haraka zaidi, lakini ganda hulegea na kuwa kama sponji lenye maji. Hata mara baada ya kukaanga, tumia wavu badala ya karatasi, kwa sababu korndogi ikilalia karatasi, mvuke hurudi upande wa chini na kuulainisha.

Nimewahi kujaribu pia njia ya kukaanga nusu usiku na kumalizia asubuhi. Rojo la ndani lilibaki na utelezi mara zote mbili, nikaiacha njia hiyo.

Asubuhi_Mapema

Nimerudi kutoa taarifa. Soseji fupi nilizipika jana, leo nikazipangusa, nikazikung'utia wanga wa mahindi, na maziwa nikayapunguza mpaka kikombe kasoro kidogo. Kati ya korndogi nane, saba zilitoka zikiwa zimevaa rojo lao kikamilifu. Ya nane ilivuliwa na mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa nilishaipaka wanga ndipo nikaishika na vidole vilivyotoka kwenye rojo, na mahali palipoguswa ndipo ganda lilipofunguka. Mwanangu alikula mbili, akauliza kama ile iliyovuliwa ina mwenyewe.

Limebaki swali dogo. Mafuta yalianza kuwa meusi kufikia ya sita, na yakawa na harufu ya kuungua ingawa kijiti kilionyesha vipovu vya utulivu. Je, joto lilipanda bila mimi kujua?

Jiko_na_Kipimo

Huenda si joto. Chembe za unga wa mahindi hudondoka kila unapoingiza korndogi, zikazama chini na kuungua hapo wakati mafuta ya juu yako sawa. Zichote kwa kijiko chenye matundu baada ya kila awamu, na mafuta yakishapoa kabisa yachuje kwa kitambaa kabla ya kuyahifadhi. Yakiwa bado yananuka kuungua baada ya kuchujwa, yatupe, kwa maana rojo la Jumamosi ijayo litaibeba harufu hiyo yote.