Mrejesho: sarafu za babu sikuzisugua

Wakuu, niliuliza kama nizing'arishe kwa limau na majivu zile sarafu za shaba alizoacha babu. Mlionikataza, asanteni sana. Limau lingekula ule utando wa kahawia, na ukishatoka wakusanyaji hawaitamani tena sarafu.

Nimeziloweka tu kwenye maji yaliyokenekwa (yaliyochemshwa, mvuke wake ukakusanywa), nikiyabadilisha kila asubuhi, kisha nikazikausha kwa kitambaa cha pamba bila kusugua. Maandishi yakajitokeza! Moja ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, mwaka 1299 Hijria (1882), yenye picha ya mizani. Nyingine ni heller 20 (heller ni sarafu ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki) ya 1916, iliyopigwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walipokuwa wamezibiwa njia ya bahari. Imepigwa ovyoovyo, na ndiyo ninayoipenda zaidi.

Kuna moja yenye unga wa kijani unaorudi kila ukifutwa. Hiyo ni kutu ya kloridi, yaani inayoletwa na chumvichumvi, nimeitenga. Vifuko laini vya PVC (aina ya plastiki) nimetupa, vinaharibu shaba. Sasa ziko kwenye bahasha za karatasi isiyo na asidi pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, maana unyevu wa Tanga si mchezo. Mnaouliza bei ya hiyo ya Tabora: siuzi.