Picha ya mandharinyuma inafifia na kukatwa kwenye skrini kubwa sana: nifanyeje?

Msanifu_Kurasa aliuliza:

Habari zenu, ndugu wataalamu. Ninatengeneza tovuti ya karakana ya ufinyanzi, na ukurasa wake wa mwanzo hufunguka kwa picha moja inayojaza skrini nzima: mfinyanzi ameinamia gurudumu lake, mikono imelowa udongo hadi kwenye viwiko, na uso wake uko katika robo ya juu ya picha. Nimeiweka kwa CSS (lugha ya mitindo ya kurasa) kama picha ya mandharinyuma, pamoja na `background-size: cover` (picha ijaze eneo lote, kinachozidi kikatwe) na `background-position: center`. Kwenye kompyuta yangu, yenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, inakaa vizuri kabisa.

Mambo yaliharibika mteja alipoufungua ukurasa huo kwenye skrini yake ya 5K, yaani pikseli 5120 kwa 2880. Picha ilikuwa na ukungu na ukingo wa chungu haukuonekana wazi, ilhali maandishi yaliyo juu yake yalisomeka kama yamepigwa chapa kitabuni. Nikatengeneza faili nyingine ya upana wa pikseli 5120, ikafika megabaiti 4.6, nikaiandikia kanuni ya `@media (min-width: 5000px)`, yaani itumike pale tu upana unapoanzia pikseli 5000. Haikufanya kazi: kivinjari kiliendelea kuchukua faili ndogo kana kwamba kanuni haipo. Nilipoondoa sharti na kuwapa watu wote faili kubwa, wenye simu wakaanza kulalamika kwamba ukurasa unabaki mtupu kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, mwenzake mteja anatumia skrini pana sana ya pikseli 5120 kwa 1440, na kwake mfinyanzi hana kichwa. Inaonekana mikono na kifua tu.

Naomba kueleweshwa mambo mawili. Je, ni lazima nitengeneze picha kwa ajili ya kila aina ya skrini? Na uso wa mtu nitaulindaje usikatwe?

FundiPikseli alijibu:

Ndugu Msanifu, nianze na ile kanuni iliyogoma, maana humo ndimo lilimojificha tatizo lako la kwanza. Pikseli unazozitaja katika CSS si zile nukta zilizomo kwenye kioo. Skrini ya 5K kwa kawaida huwekwa kwenye uwiano wa 2, maana yake kila pikseli moja ya CSS huchorwa kwa nukta mbili kwenda upande na mbili kwenda chini, kwa hiyo kivinjari huuona upana wa 2560, si 5120. Kanuni yako ilikuwa inasubiri 5000 ambayo haifiki kamwe. Hali ni hiyohiyo kwenye skrini ya 4K (pikseli 3840 kwa 2160): mwenyewe akikuza vitu kwa asilimia 150, upana unaoripotiwa ni 2560 na uwiano ni 1.5, akikuza kwa asilimia 200, upana ni 1920 tu. Ndiyo maana maandishi yalikuwa makali na picha ikafifia. Herufi huchorwa upya kwa kutumia nukta zote zilizopo, lakini picha ya upana wa 1920 haina cha kuongeza, hivyo kila pikseli yake ilitandazwa juu ya nukta saba na ushei.

Inabidi basi kivinjari kipewe vigezo viwili, upana na uwiano, na CSS inaviruhusu vyote kwa pamoja:

```
.bango {
  background-color: #4a3528;
  background-size: cover;
  background-image: url("mfinyanzi-1920.jpg");
  background-image: image-set(
    url("mfinyanzi-1920.webp") 1x,
    url("mfinyanzi-2880.webp") 2x);
}
@media (min-width: 2000px) {
  .bango {
    background-image: image-set(
      url("mfinyanzi-2560.webp") 1x,
      url("mfinyanzi-3840.webp") 2x);
  }
}
```

`image-set` ni orodha ya faili ambamo kivinjari huchagua kwa kufuata uwiano wa skrini, 1x ni uwiano wa 1 na 2x ni wa 2. Vivinjari vyote vikuu vya sasa vinaielewa. Mstari wenye faili ya JPEG ni kwa ajili ya vivinjari vya zamani, ambavyo huruka kisichoeleweka na kubaki na kile vilichokisoma kabla. Rangi ya `background-color` ichukue ndani ya picha yenyewe, pale palipo na udongo uliolowa au kivuli cha ukuta, ili maandishi meupe yasomeke hata kabla picha haijafika.

Utaona kwamba sikuweka faili ya 5120, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Picha ya 3840 ikitandazwa hadi 5120 inakuzwa kwa theluthi moja tu kila upande, na mtu aliyekaa mbele ya skrini ya inchi 27 si rahisi alione hilo katika picha iliyo nyuma ya maandishi, hasa ikiwa imefunikwa kwa utando wa giza. Ingekuwa habari nyingine kama picha ingekuwa na herufi, waya au kitambaa chenye mistari myembamba, kwa kuwa vitu hivyo ndivyo vinavyofichua upungufu mapema. Tena, uzito wa faili si uzito wote: ikishafika, picha hufunguliwa katika kumbukumbu ya kifaa, na kwa kawaida kila pikseli huchukua baiti 4. Picha ya 5120 kwa 2880 inakula karibu megabaiti 59 za kumbukumbu hata kama faili yake umeibana ikawa kilobaiti 400. Ile ya 3840 kwa 2160 inakula takriban 33. Ningekuomba uanze kubana faili za 2x kwa kiwango cha ubora cha 60 au hata 50 badala ya 80, kisha uziangalie kwa macho yako, kwa sababu madoa ya ubanaji hupungua sana kuonekana pikseli zinaposongamana hivyo.

Mwanamistari alijibu:

FundiPikseli amemaliza suala la ukali wa picha. Mimi niseme juu ya kichwa kilichopotea, ambacho kwa maoni yangu ni kosa kubwa kuliko ukungu, kwani mtu anaweza kuuvumilia ukungu lakini picha isiyo na uso haielezi tena kitu.

Tupige hesabu ya skrini ile ya 5120 kwa 1440. Picha yako ina uwiano wa 16 kwa 9 (upana kwa kimo), na `cover` huikuza mpaka upana ujae, kwa hiyo inafika 5120 kwa 2880, mara mbili ya kimo kilichopo. Nukta 1440 lazima zikatwe. Umeandika `center`, basi 720 zinakatwa juu na 720 chini, na 720 za juu ndiyo ile robo nzima uliyosema ina uso wa mfinyanzi. Ukiandika `background-position: 50% 10%`, mkato wa juu unakuwa nukta 144 tu, na 1296 zinaondoka chini, mahali ambapo bila shaka hapana zaidi ya sakafu na miguu ya gurudumu. Wengi hudhani asilimia hiyo inahesabiwa kutoka kwenye ukingo wa bango, yaani eneo linalobeba picha. Sivyo, kilicho hapo ni mgawanyo wa ile ziada inayokatwa, na mtu akishalielewa hilo haachi tena mkato ujiamulie wenyewe.

Hata hivyo kuna mpaka ambao asilimia haiwezi kuuvuka: ukikata nusu ya picha, hutapata uso na chungu kwa pamoja. Pale upana unapozidi sana kimo, chaguo langu ni kuacha kuilazimisha picha ijae. Bango lipewe `max-width` ya pikseli 2560, likae katikati, na pande mbili zibaki na rangi iliyochukuliwa kwenye kingo za picha, ikififia taratibu kwa gredienti. Angalizo dogo: gredienti ndefu ya rangi zinazokaribiana huonyesha mistari kwenye skrini kubwa, kwa sababu vivuli vichache vinatandazwa juu ya nukta nyingi mno. Chembechembe nyepesi za rangi zisizo na mpangilio juu yake huiondoa.

Kiungo_Imara alijibu:

Naheshimu majibu yote mawili, lakini naona tumeruka swali la msingi. Mfinyanzi huyu si mandharinyuma. Ndiye habari ya ukurasa, na picha yenye habari inastahili kuwa ndani ya HTML, yaani maandishi yanayobeba maudhui ya ukurasa. Faida ya kwanza ni kwamba asiyeona ataelezwa kilichomo kupitia maelezo ya `alt`, jambo ambalo picha ya CSS haina. Ya pili ni wakati: picha iliyomo kwenye HTML kivinjari huigundua mara tu kinapoanza kusoma ukurasa, ilhali ile ya CSS husubiri faili ya mitindo ishuke na isomwe kwanza, na huenda huko ndiko kulikoanzia sehemu ya ule utupu wanaoulalamikia watu wa simu.

```
<picture>
  <source media="(orientation: portrait)"
    srcset="mfinyanzi-wima-800.webp 800w,
            mfinyanzi-wima-1200.webp 1200w"
    sizes="100vw">
  <img src="mfinyanzi-1920.jpg"
    srcset="mfinyanzi-1920.webp 1920w,
            mfinyanzi-2880.webp 2880w,
            mfinyanzi-3840.webp 3840w"
    sizes="max(100vw, 177.78vh)"
    fetchpriority="high"
    alt="Mfinyanzi akisawazisha chungu kwenye gurudumu">
</picture>
```

Kwenye `img` yenyewe utaweka upana na kimo vya asilimia 100, `object-fit: cover` na `object-position: 50% 10%`, na hesabu ya Mwanamistari itabaki vilevile. Ile 177.78vh isikushangaze: vh ni asilimia ya kimo cha skrini, na vw ni asilimia ya upana wake. Picha ya 16 kwa 9 inayojaza kimo chote cha skrini huwa na upana wa mara 1.7778 ya kimo hicho, na kama skrini ni nyembamba kuliko hapo, upana wa picha unaamuliwa na kimo. Ukiandika 100vw peke yake unakidanganya kivinjari, nacho kitakuletea faili ndogo kuliko inayohitajika.

Sehemu ya wima nayo usiipuuze. Simu yenye uwiano wa 3 ingepewa faili ya 2x katika mfano wa FundiPikseli, yaani picha ya upana wa 2880, kisha ikatupa sehemu kubwa ya pikseli hizo kwa kukata kushoto na kulia. Faili ya wima iliyokatwa kwa mkono, uso juu na mikono katikati, ni nyepesi zaidi na inapendeza zaidi.

FundiPikseli alijibu:

Nakubaliana na Kiungo_Imara kuhusu picha hii, na nafuta ushauri wangu wa kuiacha kwenye CSS. Jambo la simu lilinipita. Bado nashauri `image-set` kwa mapambo ya kweli, kama vile ukuta wenye ukungu nyuma ya fomu. Picha za namna hiyo zikitiwa ukungu wa makusudi hubanwa zikawa ndogo sana, na hazihitaji kamwe faili ya skrini kubwa. Michoro inayojirudia iandikwe kwa SVG (michoro ya mistari, isiyo ya pikseli), nayo itakuwa kali kwenye skrini yoyote.

Msanifu_Kurasa alijibu:

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Nimeihamishia picha kwenye HTML kama Kiungo_Imara alivyoelekeza, na nimemkatia mfinyanzi picha ya wima. Limebaki moja: mimi sina skrini ya 5K wala ile pana, na sipendi kumsumbua mteja kila ninapobadilisha mstari. Nitahakikishaje?

Mwanamistari alijibu:

Fungua zana za wasanidi katika kivinjari, uingie sehemu ya kuigiza vifaa, uandike upana 2560, kimo 1440 na uwiano 2. Kisha tazama orodha ya faili zinazopakuliwa na usome jina la ile iliyochukuliwa. Zima kache (hifadhi ya muda ya kivinjari) kwanza, kwa sababu baadhi ya vivinjari vikishakuwa na faili kubwa huendelea kuitumia hata unapopunguza upana, nawe utadhani kanuni yako ina kasoro. Kwa skrini pana andika 5120 kwa 1440 na uwiano 1. Ukitaka kuangalia mpangilio na mkato tu, punguza ukubwa wa ukurasa hadi asilimia 50 kwenye skrini yako ya 1920. Kivinjari kitaupanga kana kwamba una upana wa 3840. Ukali wa picha, hata hivyo, usiupime kwa njia hiyo.

Msanifu_Kurasa alijibu:

Nimefanya yote. Kwa 2560 na uwiano 2 kimechukua mfinyanzi-3840, ambayo nimeibana kwa kiwango cha 55 ikawa kilobaiti 620. Kwa simu kimechukua ile ya wima ya 1200, kilobaiti 140. Kwenye 5120 kwa 1440 uso unaonekana wote, lakini nusu ya chini ya chungu ilikatwa, kwa hiyo nimeweka mpaka wa 2560 na pande mbili za rangi ya ukuta. Mteja ameufungua ukurasa leo kwenye skrini yake. Picha ya 3840 haikumpa shida. Alichoniuliza ni kama alama za vidole kwenye udongo zilikuwepo tangu mwanzo.