Kukatwa si kuwekewa: mshahara wa Uganda, kodi na akiba ya uzeeni

Kijana wa Gulu:

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni fundi wa maabara, nimetoka Voi, nina miezi saba hapa Gulu. Mkataba wangu unasema 1,800,000 za Uganda kwa mwezi. Mpaka Juni mkononi zilikuwa zikifika 1,268,000, lakini tangu Julai ni 1,243,000. Nikiuliza naambiwa ni makato ya serikali, basi. Nani anaweza kunieleza? Tena nina nyumba Mombasa, nimeipangisha 25,000 za Kenya kwa mwezi, na mke na watoto wako Voi. Je, KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, bado wananidai ilhali huku nakatwa?

Mama wa Ntinda:

Marahaba mwanangu, karibu Uganda. Hesabu yako nimeipiga kwa kalamu, na nimeona makato hayo yanavyotokea.

Kodi ya mshahara, PAYE, huku inapanda kwa ngazi. 235,000 za kwanza haziguswi. Kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 ni asilimia 20, na kinachozidi hapo ni asilimia 30. Ngazi zile mbili za chini zinakutoa 25,000, na ile 1,390,000 iliyo juu yake inakutoa 417,000. Jumla 442,000. NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, ni asilimia 5 ya mshahara mzima, yaani 90,000. Toa zote mbili, utaiona 1,268,000 yako. Zile 25,000 za Julai ni kodi ya huduma za mtaa, inayokwenda kwa serikali ya mtaa. Kwa kipato chako ni laki moja kwa mwaka, na waajiri huikata kwa mafungu manne, Julai hadi Oktoba. Novemba hutaiona.

Hapa sasa nakuomba utulie unisome vizuri, kwa sababu kilichonipata mimi sitaki kikupate.

Nilipofika Kampala mwaka 2011 niliajiriwa na shule moja, sitaitaja. Kila mwezi karatasi ya mshahara ilikuja safi, imepigwa muhuri, na NSSF imeandikwa pale kwenye mstari wake. Nilikuwa nikizihifadhi kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, nikijua uzee wangu unajengwa. Mwaka wa tatu nikaenda kuulizia salio langu. Miezi kumi na minne ilikuwa haina kitu. Walikuwa wakinikata asilimia 5 yangu, ile asilimia 10 wanayotakiwa kuongeza wao hawatoi, na hata hiyo yangu haifiki. Nililia pale pale kaunta, na sioni aibu kusema hivyo. Ile ilikuwa ada ya wanangu niliyojinyima.

Kilichoniokoa ni ile bahasha. Nilikwenda Workers House, barabara ya Pilkington, yalipo makao makuu ya NSSF, nikiwa na mkataba, karatasi zote za mshahara na taarifa ya benki. Walichukua nakala, wakaguzi wao wakaenda shuleni. Haikuwa haraka, lakini pesa ziliingia mwezi baada ya mwezi mpaka pengo likazibwa. Mwenzangu aliyekuwa akizitupa karatasi zake alihangaika kuliko mimi.

Kwa hiyo, wewe unakatwa 90,000, na mwajiri anatakiwa kuongeza 180,000 kutoka mfukoni mwake. Kila mwezi kwenye akaunti yako iingie 270,000, na mwajiri anapaswa kuwa ameifikisha kufikia tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Piga *254# kwenye simu yako uangalie. Namba hiyo sisi Wakenya hatuwezi kuisahau, ndiyo ile ile tunayoanzia kupiga nyumbani. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 hakuna tena kisingizio cha "sisi ni wachache hapa", kila mwajiri anawajibika, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Asikudanganye mtu.

Na ni pesa inayozaa. Mwaka wa fedha 2022/23 wanachama walipewa riba ya asilimia 10, uliofuata 11.5, na ule uliokwisha Juni 2025 walitangaza 13.5. Wapo wanaoiita NSSF wizi wa mshahara. Mimi nimekuwa kwenye vyama vya kuzungushana pesa tangu ujana, hapa wanawake wanaviita nigiina, navipenda kwa kununulia sufuria na godoro, ila nigiina haijawahi kunilipa riba. Utaichukua yote ukifika miaka 55. Ukifika 45 na umechangia miaka 10, unaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 katikati ya safari. Mimi nina miaka 48 na sijaigusa. Mume wangu aliichukua ikasomesha kitinda mimba wetu, nami nilikubaliana naye kabisa, kwa sababu ilikuwa na kazi iliyoandikwa kabla ya kutoka. Ninaosikitika nao ni waliochukua 2022 kwa sababu tu sheria mpya iliwafungulia mlango.

Jambo moja zaidi: usidhani michango ya huku itaungana na ile ya NSSF ya Kenya kwa kuwa majina yanafanana. Ni mifuko miwili tofauti. Namba zote mbili ziandike mahali mkeo anapapajua.

Sasa KRA. Kwa sheria ya Kenya, mwenye makazi ya kudumu kule akikanyaga nchini hata siku moja katika mwaka, anahesabiwa mkaazi wa mwaka huo. Wewe familia iko Voi, na Krismasi utakwenda. Basi ni mkaazi. Pango la 25,000 ni 300,000 kwa mwaka, limevuka 288,000, kwa hiyo lina kodi ya asilimia 7.5: shilingi 1,875 kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na mshahara wa Gulu nao hutajwa kwenye ritani ya Kenya, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka. Raia aliyekwisha kulipa kodi ya mshahara huo nje huhesabiwa alicholipa, lakini lazima aonyeshe ushahidi. Mwombe mwajiri barua ya PAYE yako kila mwaka. Tafadhali usifuate wale wanaojaza ritani ya sifuri kila Juni huku wapangaji wanawatumia pesa. Kutofikisha ritani kwa wakati kuna faini ya 2,000 au asilimia 5 ya kodi, inayozidi kati ya hizo. Kujaza uongo ni kosa kubwa kuliko kuchelewa.

Kalenda zimegeuziana migongo. Mwaka wa kodi wa Kenya unaisha Desemba, ritani mwisho 30 Juni. Wa Uganda unaisha 30 Juni, ritani mwisho 31 Desemba. Kama una mshahara wa mwajiri mmoja tu na PAYE imekatwa, URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hawakudai ritani. Ila ukifikisha miaka miwili huku, kaa na mhasibu kuhusu lile pango la Mombasa, kwa sababu mkaazi wa Uganda huulizwa mapato ya kila mahali.

Nyumbani kwangu kuna daftari kubwa juu ya friji, safu mbili, Uganda na Kenya. Pango la huku wenye nyumba wengi wanalitaka la miezi mitatu kwa mkupuo, basi kila mwezi natenga lake kabla sijanunua sukari. Na kutoa pesa kwenye simu kuna kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, mbali na ada ya wakala, kwa hiyo umeme, maji na ada nalipa moja kwa moja bila kuzitoa.

Mwalimu wa Jinja:

Naongezea kidogo kwa Mama. Andikisheni warithi NSSF, na jina la mke liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ndugu yangu alifariki huku, na kwa herufi mbili tu mjane alisafiri kutoka Busia mara nne.

Kijana wa Gulu:

Mama, asante sana. Nimepiga *254#. Machi hadi Juni zimo, 270,000 kila mwezi. Julai na Agosti hazimo. Leo ni tarehe 20 Oktoba, na Septemba pia haimo.

Mama wa Ntinda:

Mwanangu, kesho asubuhi nenda kwa mhasibu wenu kwa upole na uulize kwa maandishi. Weka nakala. Wasipokujibu kufikia Ijumaa, chukua karatasi zako zote uende ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe, na ukitoka huko uniandikie hapa hapa. Nitakuwa nangoja.