Tafiti za "kufufua Mji Mkongwe" Bagamoyo: mnamtafitia nani?

Wakuu, heshima kwenu.

Kila anayekuja kutafiti biashara za Mji Mkongwe anarudia madudu yaleyale. Jumamosi asubuhi, dodoso mkononi, kasimama karibu na Ngome Kongwe anawauliza watalii kama wangependa mgahawa unaotazama bahari. Nani atasema hapendi?

Mtalii wa kutwa jioni ameshageuza kurudi Dar. Anayefanya kodi ya fremu (chumba cha duka) ilipike mwaka mzima ni mkazi, na ndiye haulizwi. Sukari ananunua Magomeni ya hapahapa Bagamoyo, nguo anafuata Kariakoo, Dar, kilomita zaidi ya 60. Pimeni hiyo hela inayotoka! Pita nyumba kwa nyumba: mara ya mwisho ulinunua viatu wapi, shilingi ngapi, nauli ilikula kiasi gani? Ukimuuliza "huwa unanunua wapi" atakupa jibu la kukufurahisha.

Halafu watu 60 mnaandikia asilimia zenye desimali mbili! Kwa 60, hata ukiwachagua bila upendeleo, jibu la nusu kwa nusu linayumba karibu pointi 13 kila upande. Liyumbe pointi 5 tu? Tafuta watu 385 hivi, na uwapate kwa utaratibu, mfano kila wa kumi anayepita, siyo yule aliyekuchekea.

Kuhesabu wapita njia hakuhitaji mfadhili. Vijana wawili kila kituo, karatasi, saa. Dakika 15 katika kila saa, saa moja asubuhi hadi saa mbili usiku, kisha zidisha kwa 4. Vituo vitatu: Mtaa wa India, njia ya soko la samaki, na stendi ya kulinganishia. Wanaoingia dukani waandike mbali na wanaopita tu. Bodaboda safu yake.

Mnapoharibu ni hapa: mnahesabu siku moja. Soko la samaki halifuati kalenda ya ofisi. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa, wanaovutia samaki kwa taa gizani, wanalala nyumbani, na muuza chipsi naye anapiga miayo. Hesabu wiki ya giza na wiki ya mbalamwezi, uone kama utadhani ni mji mmoja. Ramadhani iwekeeni jedwali lake.

Fremu nazo mnahesabu mkiwa ndani ya gari. Shuka! Pima upana wa mbele na mita za mraba. Luku ni yake au wanachangia? Choo kipo? Kodi ni miezi 6 au mwaka kwa mkupuo, na kilemba (hela ya kuachiwa fremu) juu? Mlango uliofungwa siyo lazima fremu iwe tupu. Nyingine ni stoo, nyingine mirathi haijaisha na ndugu hawasalimiani. Hiyo hata umlete mpangaji kesho na hela taslimu haifunguki. Na ninyi wa "tuweke milango ya vioo": Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Someni kwanza.

Mauzo ndiyo kichekesho. Unamuuliza mwenye duka anauza kiasi gani kwa siku, yeye anaona TRA imeingia. Muulize mfuko wa sukari wa kilo 50 unaisha siku ngapi, piga hesabu mwenyewe.

Mwenye hesabu zozote za stendi au Magomeni azimwage hapa, hata za kwenye daftari.