Moshi hadi Dar siku moja kwa gari binafsi: mchana na vibao vya hamsini, au usiku kukwepa tochi?

MLETA MADA (Moshi)

Wakuu, salamu, na poleni na pilikapilika za sikukuu.

Wiki hii magari yanaanza kuteremka. Ndugu zetu waliopanda kuja kula Krismasi nyumbani wanarudi Dar, na kila unakokwenda kuaga swali ni moja: mnatoka saa ngapi? Zamani jibu lilikuwa alfajiri. Siku hizi wengi wanakwambia, "Tunatoka saa tatu usiku, asubuhi tuko Mbezi." Ukidadisi, sababu ni tochi, ile mashine ya trafiki ya kupimia mwendo. Mchana kila kijiji kina kibao cha hamsini, yaani mwisho kilomita 50 kwa saa, mbele ya kibao kuna trafiki, na kosa moja ni shilingi 30,000. Usiku, wanasema, barabara inakuwa yako.

Mimi napinga, na nimeleta hapa tubishane kwa hoja kwa sababu magari haya yamebeba watoto na wazee wetu. Safari ya siku moja inawezekana kabisa, tena mchana mtupu, ila uipange kwa mwendo ambao barabara hii inakupa kweli. Anayehamia usiku kwa ajili ya hamsini anaokoa dakika na kuweka rehani watu aliowabeba.

Tuanze na hesabu. Moshi hadi Dar ni kama kilomita 560. Ukitokea Arusha mjini ongeza 80. Wengi wanagawanya kwa mia moja, wanapata saa tano na nusu, halafu njiani wanahangaika kuitimiza ahadi hiyo. Dereva wa gari dogo anayetii vibao apige hesabu ya wastani wa kilomita 65 kwa saa. Hapo Moshi hadi Dar ni karibu saa tisa za usukani. Weka saa moja na nusu ya kula, kujaza mafuta na kuchimba dawa. Ukitoka Moshi saa kumi na moja alfajiri, kwenye saa tisa na nusu alasiri unaingia Dar. Wa Arusha akitoka saa hiyo hiyo atafika kama saa kumi na moja jioni. Jua linazama baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo hata pancha moja bado haijakutupa gizani.

Sasa tuipime hiyo hamsini inayolalamikiwa. Kijiji chenye urefu wa kilomita mbili, ukikipita kwa 50 unatumia dakika mbili na sekunde 24. Ukikipita kwa 90 unatumia dakika moja na sekunde 20. Tofauti ni sekunde 64. Hata vikiwa vijiji thelathini vya namna hiyo, kutii vyote kumekugharimu kama nusu saa katika siku nzima. Upande wa pili wa mizani: kwa 50, katika sekunde moja ya kushtuka kabla mguu haujagusa breki, gari limeshasogea mita 14. Kwa 90 limesogea mita 25, na hapo hujaanza kupunguza mwendo. Mtoto anayevuka pale Hedaru hana habari na kikao chako cha kesho asubuhi Posta.

Ugumu wa njia hii haulingani kila mahali. Moshi hadi Himo ni msongamano tu: bodaboda, watu wa sokoni, na malori yanayokata kwenda Holili pale njia panda. Huko hata ukitaka kukimbia hukimbii. Kipande ninachokiogopa ni kuanzia Same kushuka Makanya, Hedaru hadi Mkomazi. Milima ya Upare iko kushoto kwako, kulia tambarare, lami imenyooka, na joto linakuja kadiri unavyoshuka. Hakuna kona ya kukuamsha. Mtu aliyekesha akipakia ndizi na kuaga mashangazi, macho yanamfungia hapo. Ndiyo maana nasema kifungua kinywa kiwe Same, dereva ashuke, anyooshe miguu, na kama kuna wa kumpokea ampokee hapo hapo. Baadaye Mombo au Korogwe mnakula chakula cha mchana. Segera mnaiacha njia ya Tanga, mnapita Kabuku na Mkata, mnavuka Wami kwenye daraja jipya, maana lile la zamani lilikuwa la kupishana kwa zamu. Mkifika Msata mnaamua: anayekaa Bunju, Tegeta au Mwenge akate kushoto ashike njia ya Bagamoyo, anayekaa Kibaha, Mbezi au Kimara aende Chalinze, akijua kwamba kuanzia pale anajiunga na malori yote ya barabara ya Morogoro.

Usiku ukoje? Taa za chini zinakuonyesha umbali mfupi tu mbele, na ukiwa kwenye mia moja gari halisimami ndani ya mwanga huo. Ukiwasha kubwa, anayekuja mbele hakuoni wewe wala barabara. Halafu kuna lori lililokufa njiani. Mnalijua: taa za nyuma hazipo, pembetatu hakuna, dereva amekata matawi akayalaza kwenye lami hatua chache nyuma ya tela. Mchana tawi bichi unaliona mbali na unaelewa. Usiku unaliona wakati tayari unalikanyaga.

Februari 2023 pale Korogwe, Coaster iliyokuwa imebeba mwili kutoka Dar kuja kuzika huku Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku. Walikufa watu wasiopungua 17, wengi wa familia moja. Wapo humu waliokwenda kuzika wale waliokuwa wanakuja kuzika.

Karibuni, tuzungumze.

MCHANGIAJI WA NJIRO, ARUSHA

Mkuu, heshima kwako, hesabu yako ya sekunde 64 imenikaa. Ila umeupamba mchana kupita kiasi. Mimi nasafiri usiku na sitafuti kukwepa faini. Usiku hakuna watoto wa shule pembeni, hakuna minada, hakuna bodaboda anayetokea kichochoroni. Injini haichemki, watoto nyuma wamelala, hakuna wa kukusimamisha kila dakika kuomba maji. Na ajali ya Same ya Juni 2025, basi na basi dogo, moto ukawaka, tukapoteza watu zaidi ya 35: ile ilikuwa jioni, siyo usiku wa manane. Serikali yenyewe mwaka 2023 iliyaruhusu mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Kama basi la abiria hamsini linaruhusiwa, kwa nini mimi na familia yangu mtufanye wakosaji?

MCHANGIAJI WA HIMO

Wanangu, mimi nimestaafu usukani, malori na mabasi vyote nimevipitia. Huyu wa Njiro ameuliza swali zuri, nami namjibu kama mzee wake. Basi linaloruhusiwa usiku halifanani na gari lako. Kanuni inataka dereva asiendeshe kwa zaidi ya saa nane, safari ikizidi hapo awepo wa pili. Basi linafungwa kifaa kinachoonyesha mwendo wake, ukizidisha kule wanaona. Dereva wa basi mchana alilala kwa sababu usiku ni kazi yake. Wewe mchana ulikuwa wapi? Ulikuwa mlimani unazunguka kuaga, umekula nyama, umeonja mbege, pombe yetu ya ndizi, kidogo kwa heshima ya wazee, halafu saa tatu unashika usukani uendeshe peke yako mpaka kuche.

Usingizi wa barabarani haubishi hodi. Kati ya saa nane na saa kumi na moja alfajiri mwili unadai haki yake, na kahawa ya dukani haimalizi deni hilo. Sisi tulikuwa tukiona mwenzetu mbele anagusa gusa mstari wa pembeni tunampigia honi mfululizo hadi asimame. Ukianza kufungua kioo upigwe na upepo, ukianza kuimba peke yako, ujue umeshachelewa kupaki.

DADA WA SOWETO, MOSHI

Shikamoo mzee wa Himo. Kaka mleta mada, mimi niko upande wako kuhusu mchana, lakini kwenye hamsini umewatetea mno wenye tochi. Shida ya watu haikuanza na mwendo, imeanza na namna wanavyokamatwa. Kuna mahali unaona kibao cha kuanza hamsini, kibao cha kuimaliza hukioni. Kiling'olewa, au kimefunikwa na nyasi, au hakikuwekwa. Unatoka kijijini, nyumba zimekwisha, pori limeanza, unaongeza mwendo. Mbele kidogo unaonyeshwa picha ya gari lako kwenye simu. Hapo mtu hajifunzi kuogopa kumgonga mtoto, anajifunza kuwatafuta askari. Ndiyo maana magari yanapigiana taa kuonyana. Tochi ikikaa mbele ya shule, mbele ya zahanati, mahali watu wanavuka, hakuna atakayelalamika. Ikikaa kichakani baada ya kijiji, kaka, wanaohama kwenda usiku wanasukumwa na hao hao wenye tochi.

MCHANGIAJI WA MAJENGO, MOSHI

Naongeza moja tu. Treni ya abiria Dar hadi Arusha ilirudi tangu 2020. Asiye na dereva wa pili apande hiyo, gari aliache kwa shemeji.

MLETA MADA

Nashukuru wote. Mzee wa Himo, shikamoo, umenisaidia kusema nililokuwa nalizunguka.

Dada wa Soweto, hoja yako naichukua yote. Kibao cha kumaliza hamsini ni haki ya dereva sawa na kile cha kuanza, na kama hakipo askari hana uso wa kudai 30,000. Hili inabidi tulidai kwa wenye barabara, kijiji kwa kijiji, kwa picha na jina la mahali. Ila naomba tusichanganye mambo mawili. Ubovu wa kibao kimoja pale pori linapoanza haumpi mtu ruhusa ya kupita katikati ya Makanya kwa 90 saa sita usiku. Watu wa Makanya wanaishi pale usiku pia. Kuna anayekwenda zahanati na mgonjwa, kuna mlevi anarudi kwake, kuna mfugaji ng'ombe wake wamekata kamba.

Ndugu wa Njiro, umesema kweli kwamba ajali ya Same haikusubiri usiku wa manane, na sitaki kuizungumza kwa wepesi, bado wapo wanaouguza. Lakini chanzo kilichotajwa mwanzo kilikuwa tairi kupasuka. Hapo ndipo maandalizi yanapoanza, siku mbili tatu kabla hujasema unatoka saa ngapi. Inama uangalie ubavu wa tairi, utaona tarakimu nne za mwisho baada ya herufi. Ikiandikwa 2314, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama lina kashata (meno) nzuri na fundi amekuuzia akilisifu. Tairi za mtumba zimejaa mjini, nyingi zimezeeka zikiwa stoo. Gari limepakiwa ndizi, magunia ya viazi na watu watano, upepo wa tairi ukiwa pungufu, joto la kule Hedaru na mwendo wa 120: unataka nini tena kitokee? Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, na la akiba lipimwe vilevile. Wengi wanaligundua kwamba halina upepo wakiwa wameshapiga jeki.

Kuhusu kukosa bughudha usiku, nakuelewa. Barabara tupu inavutia. Ila utupu huo ndio unaompa kila mtu moyo wa kukimbia, yule wa Fuso pia, na yule aliyeonja mbege pia. Na gari likiharibika kati ya Mkata na Wami saa tisa usiku, fundi utamtoa wapi? Mchana bodaboda anakupeleka Mkata unarudi na mkanda wa feni ndani ya saa moja.

Ulichouliza mwisho ndicho kigumu, kwamba kwa nini familia zifanywe wakosaji. Sijasema zikatazwe. Sheria ya saa nane ni ya magari ya abiria, na sioni askari atakayesimama Segera kuhesabu saa za kila baba mwenye Noah. Ninachodai ni kwamba hili liamuliwe na familia kabla funguo hazijachukuliwa. Mke mwenye leseni asikae pembeni safari nzima kwa kuwa eti si heshima baba kuendeshwa. Mtoto wa chuo aliyezoea usukani apewe kipande cha Korogwe hadi Mkata. Kama hakuna wa pili kabisa, basi safari igawanywe, mlale Korogwe au Segera, gesti zipo. Na bosi wa Dar anayetaka watu mezani tarehe 2 saa mbili asubuhi naye aguswe na mjadala huu, kwa sababu wengi wanaoondoka usiku wanaikimbilia hiyo saa mbili.

Nikuulize wewe sasa, ndugu wa Njiro, maana jibu lako litasaidia wengi wanaopanga kutoka wiki hii: unapotoka saa tatu usiku, mchana wake huwa umelala kwa saa ngapi? Na nani mwingine kwenye gari lako anaweza kushika usukani?