Bangi ihalalishwe au ibaki ilivyo? Tupeane uzoefu, si hotuba

Mpangaji_Umoja: Wadau, tangu Wajackoyah, mgombea urais, azunguke Kenya mwaka 2022 akiahidi kulipa deni la China kwa bangi, mjadala huu umegeuka kichekesho. Kabla yake marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliuleta kwa uzito mwaka 2018, akatutoka Julai 2019 mambo yakiwa bado. Hoja za bungeni tuziache. Leteni yaliyowakuta.

Naanza mimi. Mdogo wangu ni fundi wa pikipiki. Ijumaa moja jioni alishikwa na misokoto miwili mfukoni. Kituo sikitaji. Saa tatu usiku nikapigiwa na namba nisiyoijua: "Kuja na tano. Asubuhi itakuwa kumi." Nilikuwa na elfu mbili na mia nane, nikaambiwa hiyo ni nauli.

Hapo ndipo nilipojua kwa nini msako hupendwa Ijumaa. Katiba inataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia wikendi unangoja siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo watu wako wana siku mbili nzima za kuuziwa wewe. Jumatatu akasomewa shtaka, akakiri. Sheria ya 1994 iliweka hadi miaka 10 hata kwa bangi ya kuvuta mwenyewe; hakimu akamhurumia, akampa miezi mitatu ya kufagia kwa chifu. Gereji haikumngoja miezi mitatu. Na je, aliacha? Wapi! Siku hizi anavutia chumbani, mlango umefungwa.

Zamani_Kilimani: Mkuu, yangu ni fupi na inaniaibisha kidogo. Nilipanga ghorofa yenye geti na lifti. Mimi na jirani tulivuta roshani kila Jumapili kwa miaka minne. Polisi niliwaona mara moja, wamekuja kuulizia gari lililoibwa. Adhabu pekee niliyowahi kupata ni bawabu kupiga simu: "Boss, funga dirisha, kuna mtoto wa hapo juu." Nyumbani Dandora, mtaa wa walalahoi, moshi huo huo ungenilaza ndani.

DredSafi: Mimi nina rasta hadi kiunoni na sivuti. Sijawahi. Nikishuka barabara ya Tom Mboya mjini naambiwa, "Rasta, toa mfuko." Wenzangu walienda Mahakama Kuu mwaka 2021 kuomba Marasta waruhusiwe kuitumia kwenye ibada, nyumbani kwao. Nawaunga mkono kwa sababu ya mifuko yangu, si mapafu.

Konda_Mstaafu: Pale steji kwetu tumezika vijana wanne. Wote ni chupa ndogo za pombe, zenye muhuri wa serikali. Miraa inatafunwa mchana kweupe. Bangi ndiyo inakimbizwa. Sijaelewa hadi leo.

Mama_Wawili: Nimesoma nikafikiri ninyamaze, lakini acha niseme. Kifungua mimba wangu alianza kuvuta akiwa kidato cha pili. Muhula uliofuata akaanza kuiambia redio inyamaze. Redio ilikuwa imezimwa. Nilidhani ni utundu, kisha nikadhani ni mambo ya watu, nikampeleka kuombewa. Nilipoteza mwaka mzima hivyo. Daktari ndiye aliyeniuliza kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuugua akili, nikamkumbuka shemeji yangu. Akanieleza kwamba mwenye mbegu ya ugonjwa huo kwenye damu, bangi inaweza kuuamsha, hasa akianza mapema. Sasa anameza dawa kila jioni, mimi nikimtazama koo. Sisemi afungwe mtu. Ila mkiandika "ni mmea tu", jueni nasoma.

DredSafi: Pole sana, mama.

Mpangaji_Umoja: Pole, mama. Niruhusu swali, na usichukulie vibaya: aliyemuuzia alimuuliza umri?

Mama_Wawili: Alimuuliza kama ana shilingi hamsini.

Mpangaji_Umoja: Ndiyo hoja yangu. Ingekuwa halali, kungekuwa na duka, na muuzaji mwenye leseni anayoogopa kuipoteza.

Mama_Wawili: Kijana wangu, pombe ina leseni na ina miaka 18. Nenda Ijumaa ya kufunga shule ukaangalie ni nani amelala kwenye matatu.

Konda_Mstaafu: Hapo mama anasema kweli. Nimewabeba.

Mpangaji_Umoja: Umenishika, mama. Basi napunguza. Duka naliondoa. Nabaki na walichofanya Afrika Kusini mwaka 2018: mahakama yao ya katiba ilisema mtu mzima akivuta kwake faraghani, au akipanda ya kwake, si kosa, kuuza bado ni kosa. Hiyo haimgusi mwanao, na mdogo wangu angekuwa bado ana spana mkononi.

Zamani_Kilimani: Mdogo wako alishikwa barabarani lakini. Na "faraghani" ni ya mwenye chumba cha ziada. Mkiwa sita kwenye chumba kimoja cha mabati, faragha iko wapi?

Mpangaji_Umoja: Sina jibu la hilo. Wengine waje. Na bado namsubiri hata mmoja aliyetoa pesa kituoni wikendi akapewa risiti.